Sanduku la Maswali: Kiu ya kujifunza inapokosa breki

Maswali ya toleo hili yametoka kwa watu wa kompyuta, mitandao na umeme, na karibu yote yana kilio kimoja: napenda sana kujifunza, najifunza kila siku, lakini nikishikwa na kazi yenyewe naona kichwa kitupu. Tumechagua sita. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu limebeba mengine mengi.

SWALI: Nimekuwa mwanaprogramu kwa miaka 6. Kila usiku, kuanzia saa 3 hadi saa 7, nafuata kozi za mtandaoni. Nimeanza kozi 14, nimemaliza 2. Mwezi uliopita kazini niliulizwa kwa nini ulizo fulani la hifadhidata (ombi la kutafuta taarifa humo) linachukua sekunde nyingi. Somo hilo nililitazama lote miezi mitatu kabla, lakini sikukumbuka hata pa kuanzia. Nakosea wapi?

JIBU: Bidii unayo, tena ya kutosha watu wawili. Tatizo ni kwamba kila usiku maarifa yanaingia tu, na hakuna hata dakika moja unayoyalazimisha kutoka.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akapima ameokoa kazi kiasi gani alipozikariri upya. Baada ya saa 1 akiba hiyo ilikuwa chini ya nusu. Baada ya siku 1, karibu theluthi. Baada ya siku 31, kama sehemu moja ya tano. Somo lenye maana hudumu kuliko silabi tupu, lakini mteremko una umbo lilelile: mkali mwanzoni, kisha wa taratibu. Video uliyoitazama miezi mitatu iliyopita bila kuirudia ilikuwa imeshateremka mteremko huo wote.

Kinachopunguza mteremko ni kujipima. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Waliosoma mara nne walikumbuka karibu asilimia 40 wiki moja baadaye. Waliosoma mara moja, kisha wakajipima mara tatu bila kutazama kifungu, walikumbuka karibu asilimia 61. Shika na hili: walipopimwa baada ya dakika 5 tu, waliosoma mara nne ndio waliokuwa mbele. Kurudia kusoma kunakufanya uhisi umeelewa pale pale, na hisia hiyo tamu ndiyo inayokupeleka kufungua kozi ya kumi na tano.

Sasa tuingie kwenye kazi. Chukua karatasi uandike tatizo moja la kazini unalotaka kuliweza ndani ya wiki 6. Wewe tayari unalo: maulizo ya polepole. Kati ya kozi zako tafuta sura zinazogusa jambo hilo tu, huenda zikawa tatu au nne. Kozi nyingine zote zifunge. Kutomaliza kozi si deni. Kozi ni duka la vipuri, unachukua unachokihitaji.

Kikao kimoja kiwe cha dakika 45. Dakika 5 za kwanza, kabla hujafungua chochote, andika kwa mkono yote unayokumbuka kutoka kikao kilichopita. Utaona aibu mara ya kwanza; vumilia, kwani jasho hilo ndilo linalojenga kumbukumbu. Dakika 20 zinazofuata soma au tazama kitu kipya. Kisha funga video, funga kitabu, na kwa dakika 15 fanya kile kitu bila kutazama. Dakika 5 za mwisho linganisha, sahihisha, na uandike maswali mawili au matatu ya kujiuliza siku nyingine. Vikao 4 au 5 kwa wiki vinatosha. Ndiyo, ni chini ya saa 4 kwa wiki badala ya saa 4 kwa usiku.

Tuoneshe zile dakika 15 zinavyokuwa. Tengeneza jedwali la oda lenye rekodi 1,000,000 za kubuni, likiwa na mteja, tarehe na kiasi. Weka faharasa (index, orodha inayoisaidia hifadhidata kupata rekodi bila kusoma jedwali lote) moja iliyopangwa kwa mteja kwanza, kisha tarehe. Kabla ya kuendesha chochote, andika utabiri wako kwenye karatasi: ulizo linalochuja kwa mteja litatumia faharasa? Linalochuja kwa mteja na tarehe je? Na linalochuja kwa tarehe peke yake? Ndipo utangulize neno EXPLAIN mbele ya kila ulizo na kusoma mpango, yaani njia ambayo hifadhidata imechagua kulijibu. Ukiwa na hifadhidata ya PostgreSQL utatafuta maneno Index Scan au Bitmap Index Scan pale faharasa inapotumika, na Seq Scan pale jedwali linaposomwa lote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa kawaida lile la tarehe peke yake halitafaidika, na sababu yake ni rahisi ukiichora: faharasa imepangwa kwa mteja, na tarehe 5 imetawanyika chini ya kila mteja, kama vile kutafuta watu wote wenye jina la kwanza fulani kwenye daftari lililopangwa kwa majina ya ukoo. Baadhi ya hifadhidata zina mbinu ya kuruka kutoka mteja hadi mteja, lakini usiitegemee kabla hujaiona kwenye mpango.

Hapa watu hukwama kwa mambo mawili. La kwanza, wanajaribu kwa rekodi 100, wanaona Seq Scan, wanadhani faharasa imeharibika. Jedwali dogo hivyo ni rahisi zaidi kulisoma lote, na hifadhidata inajua. La pili, wanajaza rekodi milioni na kuuliza papo hapo kabla takwimu za jedwali hazijasasishwa; endesha kwanza ANALYZE, amri ya kusasisha takwimu hizo, la sivyo hifadhidata inachagua mpango kwa kukisia kutoka takwimu za zamani. Makosa haya mawili ukiyatenda kwa mikono yako hutayasahau.

Maswali uliyoandika yaweke kwenye kadi. Miaka ya 1970 Sebastian Leitner aliueneza utaratibu wa masanduku: kadi uliyoijibu sawasawa inasogea sanduku la mbele linalofunguliwa kwa nadra zaidi, uliyokosea inarudi la kwanza. Vipindi vya siku 1, 3, 7, 16 na 35 tangu kadi iandikwe vinafaa. Piga hesabu kabla ya kuanza. Kila kadi itarudiwa mara 5, kwa hiyo ukitengeneza kadi mpya 20 kila siku, baada ya mwezi na kidogo utakuwa unadaiwa marudio 100 kwa siku, bila kuhesabu ulizokosea. Hapo ndipo watu wenye kiu kama yako huzitupa kadi zote. Kadi mpya 5 kwa siku ni marudio 25, yaani kama dakika 6 hivi.

Na kadi iwe swali la kwa nini, isiwe tafsiri ya neno. "Faharasa ni nini?" ni kadi mbovu, utaikariri kama kasuku. "Faharasa imepangwa kwa mteja kisha tarehe, ulizo linachuja kwa tarehe tu, je, litasaidika, na kwa nini?" hiyo ni kadi. Ukiijibu siku ya 35 bila kusita, siku ukiulizwa tena kazini utajua pa kuanzia.

SWALI: Je, vyeti vina maana? Nina 7 na nataka vingine 3 mwaka huu.

JIBU: Cheti cha kwanza katika fani hukupa ramani na hufungua mlango. Cha pili katika fani ileile, mara nyingi huongeza kidogo. Kumbuka pia kwamba vingi vina muda wake: CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, kwa mfano, hudumu miaka 3. Vyeti 10 ni ratiba ya kuvihuisha, na muda huo lazima utoke mahali. Kabla ya kulipia chochote, chukua cheti chako cha zamani zaidi, fungua orodha ya mada zake, na ujipime bila kusoma. Ukipata chini ya nusu, rudi huko kwanza.

SWALI: Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki. Natazama video za ukarabati kila siku na nazielewa vizuri. Lakini nikiwekewa kifaa kibovu mezani, nabahatisha. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu kwenye video mtu mwingine ndiye anayechagua pa kupima. Jicho lako limefunzwa kufuata, na kuchagua ni ujuzi mwingine kabisa. Ujuzi huo hufunzwa kwa kutabiri, kupima, na kukosea mahali ambapo hapana hasara.

Anza na sakiti ndogo kiasi cha kuidharau. Betri tatu za volti 1.5 zilizofuatana, yaani volti 4.5; rezista moja ya ohm 220; LED (taa ndogo ya elektroniki) moja nyekundu; multimita, yaani mita ya kupima volti na mkondo. LED nyekundu hushika kama volti 2, kwa hiyo rezista inabakiwa na volti 2.5, na mkondo ni 2.5 gawanya kwa 220, karibu miliampea 11. Andika tarakimu hizo kabla ya kugusa mita. Kisha pima. Zikitofautiana kidogo na ulizoandika, jiulize sababu: betri mpya huweza kuzidi volti 1.5 kidogo, na LED hazilingani zote.

Sasa iharibu makusudi, kosa moja kwa wakati, na kila mara tabiri kwanza. Ukikata waya kati ya betri na rezista, mkondo haupiti: LED itasoma 0, rezista 0, na volti za betri utazikuta kwenye pengo la waya uliokata. Ukigeuza LED, rezista itasoma 0 na LED itasoma 4.5. Ukiunganisha miguu miwili ya LED kwa waya, LED itasoma 0, rezista 4.5, na mkondo utapanda hadi miliampea 20 hivi. Rezista itachoma wati 0.09, hivyo ile ya kawaida ya robo wati haitadhurika.

Itazame tena ile LED iliyogeuzwa. Mafundi wengi wanaoanza huona volti kamili kwenye miguu ya kifaa na kusema, "umeme unafika, basi kifaa ni kizima." Kinyume chake: volti zote zikiwa juu ya kifaa kimoja kilichofuatana na vingine, huku rezista ikisoma 0, maana yake mkondo haupiti, na kifaa hicho ndicho kilichoziba njia. LED iliyokatika ndani itasoma vilevile 4.5. Utazitofautisha vipi? Igeuze. Ikiwaka, ilikuwa imewekwa kinyume. Isipowaka na kipimo kisibadilike, imekatika. Ukilielewa hili kwenye LED moja, utalitumia kwenye fyuzi, swichi na kiungo kilicholegea cha kifaa chochote.

Tahadhari moja ya mita, kwa sababu kosa hili hurudiwa na hata waliozoea: ukimaliza kupima mkondo, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya jambo lingine lolote. Ukiuacha kwenye tundu la ampea kisha ukapima "volti" za betri, mita inakuwa kama kipande cha waya kinachounganisha ncha mbili za betri, na fyuzi ya mita inaweza kuungua. Kwenye betri ndogo unaweza kupoteza fyuzi. Kwenye umeme wa ukutani unaweza kupoteza mkono au maisha, kwa hiyo mazoezi yote haya yabaki kwenye betri.

Ukishazoea, mwombe mwenzako aweke kosa moja huku wewe umegeuka. Jipe dakika 10. Andika dhana yako ya kwanza na kipimo kitakachoithibitisha au kuipinga, ndipo upime. Weka daftari lenye safu nne: dalili, nilichodhani, nilichopima, kosa halisi. Baada ya makosa 30 lisome lote kwa pamoja. Utakuta dhana yako ya kwanza hukosea kwa namna moja inayojirudia, labda unalaumu kifaa kila mara wakati kosa liko kwenye kiungo. Hakuna video itakayokuonesha hilo.

Na video usiziache, badili namna ya kuzitazama. Fundi akishaeleza dalili, simamisha. Andika ungepima wapi na ungetegemea tarakimu gani. Endelea. Video moja kwa namna hii huchukua muda mara mbili, na inafaa kuliko tano za kutazama tu.

SWALI: Kila mwezi kunatoka zana mpya. Nikijifunza hii, ile imeshapita. Nitajuaje lipi linastahili muda wangu?

JIBU: Tazama umri wa jambo. Kilichokaa muda mrefu kikiwa kinatumika kina uwezekano mkubwa wa kuendelea kukaa. Maelezo rasmi ya TCP, kanuni ambazo kompyuta hutumia kuwasiliana mtandaoni, yalitolewa mwaka 1981. Yalipoandikwa upya mwaka 2022, namna ya kufungua mawasiliano kwa hatua tatu ilibaki ileile. Edgar Codd alieleza hifadhidata za uhusiano (zinazopanga data kwa majedwali) mwaka 1970, na bado unaziuliza kila siku. Mfumo endeshi wa Unix ulianza mwaka 1969. Upande wa pili, waliowekeza miaka yao kwenye Adobe Flash, programu ya katuni na michezo ya tovuti, waliona mwisho wake rasmi ukifika mwishoni mwa 2020.

Hilo halina maana kwamba zana mpya zisiguswe. Mwajiri anataka uijue ile iliyopo mezani. Ushauri wetu ni saa 3 kati ya kila 4 ziende kwenye msingi, na moja kwenye zana. Ukitaka kujua kama jambo ni msingi, jiulize: zana hii ikiondolewa kesho, nilichojifunza kitanisaidia wapi? Mtu aliyekariri amri za Kubernetes (zana ya kusimamia programu kwenye kompyuta nyingi) peke yake hukwama siku huduma isipofikika. Aliyeelewa mtandao huanza na jina: linatafsiriwa kuwa anwani sahihi? Kisha njia: pakiti zinafika? Kisha mlango (port): kuna programu inayosikiliza hapo? Kisha programu yenyewe: kumbukumbu za matukio yake (log) zinasema nini? Mpangilio huo unafaa leo na utafaa kwa zana ambayo haijabuniwa.

SWALI: Mume wangu ni fundi wa mitandao. Anajifunza mpaka usiku wa manane, simu iko kitandani, nikimwita anakasirika. Anasema ni shauku ya kazi. Je, nimwache?

JIBU: Dada, shauku ni mali, na hatutaki uiue. Lakini ziko za namna mbili. Mwaka 2003 Robert Vallerand wa Kanada na wenzake walizitenganisha: ile yenye uwiano, ambayo mtu ameishika mwenyewe na anaweza kuiweka chini, na ile ya kung'ang'aniwa, ambayo ndiyo iliyomshika mtu. Kwa nje zinafanana, kwa sababu saa za kujifunza zinaweza kuwa sawa. Tofauti huonekana anapozuiwa. Siku mbili bila kujifunza zinampita vipi? Akiwa mezani na watoto, akili iko wapi? Akimaliza kujifunza anatoka na furaha au na hofu kwamba ameachwa nyuma?

Msilizungumze saa anapojifunza. Subiri wakati ametulia, na anza na hoja ya kazi yake, maana ndiyo anayoithamini. Kumbukumbu huimarishwa mtu akiwa amelala, kwa hiyo saa anazoiba kwenye usingizi zinakula kilekile alichojifunza. Hata wapiga fidla bora waliochunguzwa Berlin na Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, walifanya mazoezi ya peke yao kama saa 3 na nusu kwa siku, wakipumzika katikati. Mtu aliyekwisha kufanya kazi siku nzima hana saa 4 nyingine za akili makini. Anazo za kutazama tu.

Kubalianeni saa ya kufunga, na simu ichajiwe nje ya chumba cha kulala. Kinachowashinda wengi ni kukatishwa katikati ya jambo, kwa hiyo dakika 5 kabla ya saa hiyo aandike mstari mmoja: nimefika hapa, kesho naanza na hiki. Mstari huo huituliza akili kuliko kuambiwa "inatosha". Jaribuni hivyo kwa wiki 3. Kama usingizi umekatika kwa wiki nyingi, hasira imezidi, na hata kujifunza kwenyewe hakumfurahishi tena, hapo aonane na daktari.

SWALI: Nimehifadhi makala na video zaidi ya 200 za "nitasoma baadaye". Nifanyeje?

JIBU: Zihamishe zote kwenye faili moja. Kwa kila moja jipe dakika 1 uandike swali ambalo itakujibia. Ukishindwa kuandika swali, ifute bila huruma. Zilizobaki, chagua 10 zinazogusa kazi ya miezi mitatu ijayo, nyingine weka kwenye faili la pili usilolifungua mpaka baada ya wiki 4. Ukitaka kuhifadhi ya 11, mojawapo ya zile 10 itoke kwanza.